Nada Apima Maji ya Bwejuu

Nada, binti wa Khelef kinyozi wa Mkunazini, mjini Unguja, alikuwa na ulimi. Majirani walilijua hilo tangu angali mdogo, na wengine walilijua kwa machungu. Alipomaliza kidato cha nne akakaa nyumbani miaka miwili, baba yake akaanza kupokea waposaji, na Nada akawa anatafuta pa kuchomokea. Mwaka 2006 pakapatikana: mafunzo ya viongozi vijana, wiki sita, kwenye ukumbi mmoja pale Michenzani, kuwafundisha namna ya kuzungumza na watu juu ya mabadiliko ya tabianchi. Nada alijiandikisha siku ya kwanza.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia. Kila kijana anapewa kijiji, anakusanya watu wasiopungua ishirini, anawaeleza mpaka wanaelewa. Atakayefaulu ataajiriwa kwenye mradi. Atakayeshindwa arudi kwao, na kwa Nada kurudi kwao kulimaanisha mchumba wa Wete, Pemba, ambaye hajapata kumwona hata picha.

Akapewa Bwejuu, kwa wakulima wa mwani. Akapanga kikao kwa kalenda ya ukutani, Jumatano saa nne asubuhi, akafika na mabango manne na baibui lililopigwa pasi. Barazani kwa sheha, kiongozi wa kijiji, alimkuta mwenyewe na kuku wawili.

"Shikamoo, Sheha. Watu wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wako baharini. Leo bamvua, maji yamekupwa mpaka kule. Mkulima wa mwani unamwitaje kikao siku ya bamvua? Nani kakupangia?"

Loo! Wiki sita za mafunzo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mwezi umeandama lini na bahari inakupwa lini. Nada aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Na hata ungekuja maji mafu, bahari haikupwi sana na watu wako majumbani," sheha akaendelea, "ishirini huwapati. Nusu wako kwa Bi Duni, nusu kwa mdogo wake, Bi Borafya. Akija huyu, yule hatii mguu."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwani wa Bi Duni, ule mnene wenye bei nzuri, mwaka wa tatu sasa ulikuwa unaoza. Unageuka mweupe, unalegea, unakatika kwenye kamba. Wa Borafya, hatua mia mbili mbele karibu na mkondo wenye kina, unastawi. Bi Duni akasema kisimani, mbele ya watu, kwamba mdogo wake kamfanyia kijicho. Tangu siku hiyo hawajasemezana, na nyumba zao zimegawana ukuta.

Nada hakurudi mjini. Aliomba kulala kwa mke wa sheha, akayaweka mabango nyuma ya mlango, akajifunga kanga, akachukua kipimajoto walichopewa kwenye mafunzo bila ya mtu kukitumia, akamfuata Bi Duni majini. Siku hiyo hiyo akakanyaga mwiba wa bahari, akalia kama mtoto mchanga. Bi Duni alicheka kwanza, kisha akampaka utomvu wa papai. Kuanzia hapo wakawa wanazungumza.

Siku nne walipima maji pamoja. Saa sita mchana, kwa Bi Duni, nyuzi thelathini na saba. Kule mkondoni, thelathini na moja. Nada alimpa kipimajoto akishike mwenyewe, asome mwenyewe, maana Bi Duni namba alizijua vizuri tangu kisomo cha watu wazima.

"Kwa hivyo maji yanaupika?"

"Yanaupika, Bi Duni. Bahari inazidi joto mwaka hadi mwaka, na kwako kina ni kifupi. Si mtu."

Bi Duni aliitazama kamba tupu. "Bora ungenambia ni Borafya," akasema. "Kijicho kina dawa, mtu anazinguliwa na mganga, yakaisha. Jua utalizingua wewe?"

Nada akakifunga kipimajoto kwenye ncha ya kanga. Roho ilimuuma kweli.

Maji mafu yalipoingia, Bi Duni mwenyewe ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba. Wakaja wanawake thelathini na wanne. Bi Borafya alikaa karibu na mlango, na msimamizi wa mafunzo kutoka mjini akakaa na fomu yake ya kumpima Nada. Nada akasimama, akatoa salamu, na kabla hajafika mbali Bi Duni akainuka.

"Mwanangu, kaa kwanza." Akawageukia wenzake, akawaeleza yote: kina, jua, nyuzi za kwake na nyuzi za mkondoni. Kisha akasema, "Miaka mitatu nnamtukana mdogo wangu kwa kosa la maji. Borafya, nipe radhi."

Bi Borafya akasimama, ncha ya kanga mdomoni, machozi yanamtiririka.

"Usiniombe radhi, dada. Kijicho nlikuwa nacho. Ulipoezeka bati nyumba nzima, mimi makuti yanavuja, nliomba mwani wako uoze. Nliomba kwa moyo wote. Ulipooza, nkajua ni mimi. Miaka mitatu sina usingizi."

Katika mabango yote manne ya Nada hapakuwa na bango la jambo hilo.

"Kumbe ulitaka," akasema Bi Duni.

"Nlitaka."

"Basi jua limekutangulia." Bi Duni akajisogeza, akamwachia nafasi kwenye mkeka. "Njoo ukae. Bamvua likirudi utanisaidia kuhamisha vigingi, nije huko kwako mkondoni."

Msimamizi alijaza fomu yake. Wiki mbili baadaye barua ikafika Mkunazini: Nada hakufaulu, kwa kuwa hakutoa mada. Baba yake akaisoma mara mbili, akamtafuta mjumbe aliyeleta posa ya yule mchumba wa Wete.

Habari zikafika Bwejuu kwa mdomo wa sheha. Asubuhi ya pili, walinzi wa ofisi ya mradi huko mjini walikuta ngazi zimejaa wanawake wa kanga, thelathini na wanne, hakupungua hata mmoja, wala hawakuwa tayari kuinuka. Msimamizi akateremka akiuliza kuna nini.

"Shida haipo," akasema Bi Duni, mdogo wake ubavuni. "Tumesikia mtoto wetu hakutufundisha kitu. Basi tuulizeni."