Kiti cha Mwereka

Jina alilopewa na babake lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mwereka, maana ndiyo kazi iliyomlisha: kuanguka jukwaani watu wakacheka. Usidharau. Kuanguka bila kuvunjika ni ufundi, muulize aliyewahi kuanguka bila kusomea.

Alianza akiwa na miaka saba. Mamake alikuwa amefiwa na mume, na kwa miezi mitatu jino lake halikuonekana. Siku moja mtoto akaingia na ndoo ya maji, akateleza, ndoo ikamfunika kichwa. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake mtoto akateleza tena, safari hii kwa makusudi.

Sasa bintiye alikuwa anaposwa, na baba wa kijana alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu na heshima zake, ambaye hata kwenye picha ya harusi yake amenuna.

"Baba," binti alimwambia, "leo kaa kama watu. Ukianguka, wataondoka na posa yao."

"Mwanangu, nitakaa kama nimegongelewa misumari."

Akakaa kweli. Baba wa kijana hakukaa kwanza, akahutubia weee kuhusu hadhi ya ukoo wao usiopenda mizaha. "Sisi," akamaliza, akijishusha taratibu, "ni watu wa kusimama imara." Maskini, kiti alichokichagua, kizuri kuliko vyote, kilikuwa cha kazini: ukikikalia, mguu wa nyuma unafyatuka. Mwereka alikisahau sebuleni, akaja kukikumbuka mzee akiwa hewani.

Puu. Chali, viatu juu, soksi moja nyeusi, nyingine ya kahawia. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Wahenga hao hawakukikalia kile kiti. Ukoo mzima ukatazama dari. Binti akafumba macho.

Mwereka akainuka. Alimtazama bintiye kwanza, kama anayeomba radhi. Kisha akajikwaa kwenye zulia, akapaa, akatua chali ubavuni mwa mzee, sinia la chai kifuani.

Mwalimu mkuu akamgeukia pale sakafuni. Mabega yakaanza kumtikisika, halafu tumbo, halafu akacheka mpaka machozi.

"Miaka thelathini na tisa," mkewe akasema polepole, "leo ndiyo nakisikia kicheko chake."

Waliporudi kupanga siku ya harusi, viti sita vizima vilikuwa vimepangwa. Mzee akavipita vyote, akauliza kile kiko wapi. Binti ndiye aliyekwenda kukileta.