Vidole Viwili vya Udongo

Mjini kwetu Nestor Paziuk aliitwa Nestor Blanketi, na wala hakuonewa. Jina alilitafuta mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutunza nyua za nyumba za watu. Wakati wa joto alikata nyasi na kupogoa vichaka vya kuzuia upepo, lakini Septemba ikishaingia alikuwa mtu wa kufunika tu. Waridi alizifukia kwa majani makavu, miche ya tofaa aliivisha magunia, na theluji ikianguka aliirundika juu ya vitanda vya maua kama mtu anayemfunika mgonjwa. Tulimcheka mbele ya macho yake. Halafu baridi ya Saskatchewan, huku kwetu Kanada, ikaja, ile inayogandisha kope, na sisi tuliocheka ndio waridi zetu zilikufa.

Woga ule wa baridi aliupata utotoni. Baba yake alikuwa na miti ya cheri aliyoipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya wanawe, na baridi moja tu iliimaliza yote. Mzee alichukua shoka, akaikata mpaka wa mwisho, kisha hakusema na mtu mpaka ngano ilipopandwa. Nestor hakuisahau sauti ya lile shoka. Tangu hapo kila kilichokuwa na mizizi alikitafutia cha kukifunika.

Sasa sikiliza kilichompata. Mkewe, Stefka, alikuwa na ua moja tu alilolijali duniani, pioni ya mama yake. Ilikuwa imesimama mlangoni pa nyumba ya shamba tangu kabla Stefka hajazaliwa, na kila Juni ilitoa maua makubwa meupe, katikati yana vidoa vyekundu kama vya damu. Shamba lilipouzwa, Stefka alisema vingine vyote wachukue walionunua, lakini ile pioni haibaki. Nestor akaing'oa Septemba na gogo lake la mizizi, akaja kuipanda chini ya dirisha la jikoni mjini.

Juni iliyofuata haikuchanua. Tukamwambia ndivyo zilivyo, pioni ikihamishwa hununa. Juni ya pili ikatoa majani mazuri, mabichi, mengi, na maua hakuna. Juni ya tatu ilikuwa haijafika Stefka alipoanza kukohoa kikohozi kisichokwisha, na daktari akawaambia wote wawili, bila kuzunguka, kwamba theluji nyingine huenda asiione.

Stefka hakulia. Alisema anataka kitu kimoja, alinuse ua la mama yake kabla hajaondoka. Alisema hivyo huku anamenya viazi, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nestor akatoka nje akaenda kusimama nyuma ya banda la vifaa, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia upepo.

Theluji ilipoyeyuka, machipukizi mekundu ya pioni yakatokeza, na Nestor akaanza kuyakagua asubuhi na jioni. Hakukuwa na dalili ya tumba hata moja. Ndipo akaenda kwa Agatha Loewen, bibi mjane ambaye Nestor alikuwa akimkatia nyasi, na ambaye pioni zake zilikuwa nzee kuliko nyumba yenyewe. Nestor alikuwa amezitunza pioni za watu miaka mingi, amezifungia vijiti, amezikata, lakini zote alizikuta zimeshapandwa na mabibi waliokwisha kufa. Kupanda, alikuwa amepanda hiyo moja tu.

Agatha akamuuliza aliifukia kiasi gani. Nestor akaonyesha, kutoka ncha za vidole mpaka juu ya kifundo cha mkono. Bibi akamtazama, akatazama ule mkono, akamtazama tena.

"Nestor, mwanangu," akasema, "wewe ulikuwa unapanda au unazika?"

Akamweleza. Gogo la pioni lina macho yake, pale machipukizi yanapoanzia, na macho hayo hutaka vidole viwili tu vya udongo juu yake, ili baridi iyafikie. Ukiyafukia sana mmea haufi, wala hauchanui. Utaishi na majani yake mpaka uzeeke. Nestor akauliza kama anaweza kuufukua sasa hivi. Agatha akasema maua ya mwaka huu yameshakosekana, angoje Septemba. Nestor akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, gari akalisahau kwa bibi wa watu.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na huyu mjukuu alimkalia Nestor mabegani miezi yote ile. Watu wa kwetu ndivyo tulivyo, tunachokiogopea baridi tunakifukia. Lakini ni nani angemwambia hivyo mtu ambaye mkewe anapungua kilo kila wiki? Akaacha hata kula vizuri. Stefka alikuwa akiketi dirishani, anauliza, "Bado?" naye anajibu, "Bado kidogo." Alimdanganya hivyo mpaka Juni ikawa inaisha.

Ndipo akafanya jambo la kitoto. Akamwomba Agatha maua matatu meupe, akayaleta alfajiri, akayafunga kwa kamba ya katani kwenye mashina ya pioni ya mkewe. Kisha akaona kasoro. Ya Agatha yalikuwa meupe matupu, hayana vile vidoa. Akaingia jikoni, akachovya kijiti kwenye sufuria ya supu nyekundu ya bitiruti, akayatia maua vidoa kimoja kimoja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu aliitengeneza kwa upendo wote aliokuwa nao.

Akamtoa Stefka nje amemshika kiuno. Stefka akainama, akafumba macho, akavuta pumzi. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Nestor akadhani analia.

"Nestor," akasema, "ua la mama linanuka supu."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Nestor akamkalisha kwenye ngazi, akawa hana pa kuuweka uso wake. Akaanza kuungama, kwamba alilifukia sana, si vidole viwili, kwamba kosa ni lake. Stefka akamwambia anajua. Alikuwa ameshika ndoo siku ile ya kupanda, na aliona.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umepiga magoti, unalifukia kama unayemlaza mtoto. Ningesemaje, mume wangu?" Akamfuta udongo mkononi. "Septemba ulifukue. Vidole viwili, basi. Na usilifunike. Nimekaa na wewe miaka yote hii nimefunikwa, na nimeshukuru, lakini hilo liache lisikie baridi."

Stefka alifariki Agosti, ngano ikivunwa. Makaburini wachimbaji walimuuliza Nestor kama kina kinatosha, akasema kinatosha, akageuka.

Septemba akalifukua lile gogo. Tulimwona kwenye ua wake amelala kifudifudi, anapima udongo kwa vidole viwili, anauondoa, anaurudisha, anaupima tena. Waridi za mji mzima zilikuwa bado hazijafunikwa mwaka ule, na hakuna aliyemkumbusha.

Jalidi ya kwanza, ule umande unaoganda, ilitangazwa jioni moja ya Oktoba. Nestor akatoka na blanketi la kitandani kwake, lile la sufu la upande wa Stefka. Akasimama juu ya ile pioni, blanketi limekunjuliwa mikononi. Mimi, jirani yake, nilikuwa ng'ambo ya uzio, nikimtazama. Akasimama mpaka nyasi zikaanza kuwa nyeupe. Kisha akaketi kwenye ngazi ya jikoni, karibu na ule udongo mtupu, akajifunika blanketi yeye mwenyewe.