Ukuta Niliopaka kwa Udongo wa Ziwani

Jamani, hata leo nikipita na basi karibu na kijiji kile, najifunika kofia usoni na kujifanya nimelala, kwa aibu niliyoipata pale mbele ya kadamnasi nzima.

Enzi hizo za vijiji vya ujamaa nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kidogo cha sanaa pale Singida mjini, na nilikuwa nimechoka, nimechoka vibaya. Nimetoka kwetu Kinyangiri nikijulikana kwa kuchora (nilichora milango yote ya majirani, nikachapwa kwa ajili ya mlango wa kanisa), halafu nafika chuoni napewa chungu. Chungu cha udongo juu ya meza, tukichore. Kesho chungu. Keshokutwa chungu kile kile, ila kimegeuzwa kidogo! Miguu inanicheza chini ya meza, penseli naitafuna, namaliza kabla ya wenzangu, na huku nawasikia wa mwaka wa pili chumba cha jirani wakichanganya rangi na kucheka, roho inaniuma.

Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwendea Mwalimu Ntandu.

"Shikamoo mwalimu. Mimi kwenye chungu hiki napoteza muda tu. Nipeleke mwaka wa pili."

"Marahaba. Kuna kijiji wanataka ukuta wa ghala lao uchorwe, Mkuu wa Wilaya anakuja Jumamosi. Mgeni akiridhika, Jumatatu unahama. Ukiharibu, unarudi kwenye chungu na sitaki kusikia neno. Ila ngoja kwanza, wiki hii tunajifunza rangi za ukutani."

Ningoje? Mimi? Kesho yake alfajiri nilikuwa njiani na brashi zangu.

Kufika, chokaa hakuna dukani. Mtu mwingine angerudi kuuliza, lakini mimi nikakumbuka mama alivyokuwa anapaka nyumba yetu udongo mweupe ikang'aa, nikachukua ndoo mpaka ukingoni mwa ziwa la hapo karibu, ambako kiangazi kile maji yalikuwa yamekauka na kuacha udongo mweupe pee. Nikaukoroga na maji, ukawa laini kama uji. Nikapaka ukuta mzima, na hata rangi nyekundu na nyeusi nikazichanganya humo humo, nikachora wakulima na majembe, watoto na vitabu, na mbele yao Mkuu wa Wilaya mwenyewe akinyoosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mughenyi, akazunguka akiitazama picha, akanipa mkono mara mbili. Nikajiona tayari niko mwaka wa pili, tena nimekaa mbele.

Jumamosi mgeni akachelewa. Tukaimba, tukanyamaza, tukaimba tena, akafika jioni, saa ile ile ng'ombe wanaporudi, na wachungaji wote walikuwa wamewaacha wakaja kumtazama mgeni. Mwalimu Ntandu naye alikuwepo, kakaa mstari wa pili. Mkuu wa Wilaya ndiyo kwanza anasema, "Ndugu wananchi," ng'ombe mmoja mwekundu akapita nyuma yake, akanusa ukuta, akatoa ulimi, akalamba. Akalamba tena. Wenzake kuona hivyo wakaja mbio, wakajipanga ukuta mzima bega kwa bega, nao wakafuta wakulima, wakafuta vitabu, na yule mwekundu akapanda na ulimi wake taratibu mpaka kwenye uso wa Mkuu wa Wilaya.

Mgeni akageuka. "Huyu alikuwa nani?"

"Alikuwa wewe, mheshimiwa," nikajibu (kwa nini nilijibu, mpaka leo sijui).

"Mwanangu," Mzee Mughenyi akaniita, sauti ya chini kabisa, "umepaka nini hapo?"

"Udongo wa ziwani, mzee."

"Wa chumvi? Tunaowapelekea ng'ombe walambe?"

Kumbe! Na mimi mtoto wa wafugaji, niliyekua nikibeba udongo wa namna ile kichwani kuwapelekea ng'ombe wa baba! Watu wakaangua kicheko, mabibi wakashikana mabega, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu Mwalimu Ntandu aliweka chungu juu ya meza, nami nikavuta stuli nikakaa. Nikakitazama, safari hii kweli kweli, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikaona kina ufa mdomoni, ufa mrefu wa wazi, ambao katika michoro yangu yote sikuwahi kuuchora. Nilibaki na chungu kile mpaka mwaka ukaisha. Na udongo, ndugu zangu, siku hizi siupaki popote mpaka niulambe kwanza mwenyewe.