Mume Wangu Nilimwandikia Mistari Mitatu

Admin, nifiche jina na picha, maana nusu ya Timau wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na sita, nafanya kazi ya kufunga maua kwa shamba moja huku. Mume wangu anaendesha trakta kwa mashamba ya ngano. Halewi, hanipigi, Jumapili anafika kanisani kabla ya mchungaji. Nasema haya mapema ili mkianza kunitusi mjue mnamtetea mtu wa aina gani.

Kuna hizi hadithi za watu wazima za kusoma kwa simu, zile unasoma kidogo halafu unaulizwa, utamfungulia mlango ama utanyamaza, unabonyeza, na hadithi inaenda na wewe. Nilizizoea saa ya lunch pale kazini. Baadaye nikachoka na wanawake wa ng'ambo na mabwawa yao ya kuogelea, nikaandika yangu. Mwanamke wa rika langu anaoga, akifungua macho amerudi siku ya ruracio yake, ile ya kuletewa mahari, ana miaka ishirini na tatu, lakini akili ni ya sasa. Kwetu siku hiyo wazee hawaonji uji wa kibuyu mpaka msichana aulizwe mbele ya watu, "Tunywe?" Basi hapo ndipo msomaji anachagua. Kunyweni, ama msinywe.

Ukichagua msinywe, unatokea mlango wa nyuma unaenda kwa Mutwiri. Huyo ni mwalimu mmoja niliyempenda kabla niolewe, na jina nimembandika. Njia hiyo niliiandikia sura kumi na nne, na sitawadanganya, zingine nilikuwa naandika huku nikiangalia kama kuna mtu nyuma yangu. Ukichagua kunyweni, kuna mistari mitatu. Ukaolewa. Ukapika, ukafua, ukazaa. Mwisho. Halafu inakurudisha kwa uji uchague tena. Nilijiona mjanja kweli.

Wasomaji wakaja wengi, na mmoja alijiita Dereva. Ile app inamwonyesha mwandishi kila msomaji amepita wapi, na huyu kila siku ni kunyweni, mistari mitatu, anarudishwa, kunyweni tena. Nilimwonyesha mwenzangu tunayefunga maua naye, tukacheka mpaka supavaiza akatuuliza kuna nini. Siku moja Dereva akaniandikia, "Njia ya mume haiendelei?" Nikamjibu, "Hapo hakuna kitu, ndugu. Jaribu ile ingine."

Najua nyinyi mshamjua. Mimi sikumjua.

Majina yote nilibadilisha, lakini kuna kitu niliacha kwa ujinga wangu. Siku yangu mwenyewe, nilipoulizwa "Tunywe?", nilinyamaza mpaka uji ukashika utando, na shangazi akanifinya mkono ndipo nikajibu. Watu wa kwao mume wangu hulichekea jambo hilo mpaka leo, hasa wifi yangu. Na mimi nikaliandika vile vile lilivyokuwa, utando na kufinywa, nikidhani linanogesha. Wifi alikutana na hiyo hadithi kwa simu ya rafiki yake, akafika hapo pa shangazi, akampelekea kaka yake.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mimi na mume wangu tunamenya viazi vya waru jikoni, watoto wako nje. Akaweka kisu chini.

"Mama Mwenda," akasema, "Dereva ni mimi."

Nikachukua waru ingine nikaanza kuimenya.

"Ile ingine nimejaribu, vile ulinishauri. Nimesoma yote."

Nikamwambia haki ya Mungu ni hadithi tu. Nikamwambia huyo mwalimu tulipatana Meru town mwaka uliopita, ana kitambi, akaniuliza, "Wewe ni wa wapi vile?" Hata hanikumbuki. Nilichokuwa napenda ni kuwa na miaka ishirini na tatu, na mtu kuniuliza nataka nini.

"Sijakuuliza juu yake," akasema. "Nauliza mimi niko wapi."

"Nitakuandikia yako."

"Andika basi. Sina haraka."

Nimejaribu. Niliandika vile alimbeba mtoto wetu Mwenda mgongoni mpaka hospitali wakati barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Akasoma mpaka chini, akanirudishia simu. "Hivi ndivyo watu husemwa wakizikwa," akaniambia. Nikajaribu ya chumbani, ile moto, nikaona aibu kwa sababu hata sijui yeye anapenda nini. Sijawahi kumuuliza. Mutwiri sikuwahi kuishi naye hata wiki, na sura kumi na nne zilitoka zenyewe. Huyu nimelala naye miaka kumi na tatu, nikishika simu ni kama naandika juu ya mtu niliyeambiwa habari zake. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko hasira, na hasira yenyewe hana. Afadhali angekuwa nayo.

Hadithi nimeifuta kwa wasomaji, nimebaki nayo mwenyewe. Wakati huo huo ameomba kazini ahamishwe shamba lao lingine la mbali, wamemkubalia, anaondoka mwisho wa mwezi. Watoto ameshawaambia. Kwangu alisema tu, "Ukimaliza nitumie. Nitasoma nikiwa huko." Ni mtu wa kungoja kweli, lakini mimi najua hakuna kinachokuja. Kila saa ya lunch nafungua njia yake natazama. Juzi nilifuta neno Mwisho nikifikiri litaniachia nafasi ya kuendelea. Sasa amebaki na mistari miwili.

Nyinyi mlio na ndoa za miaka mingi, mnitusi kwanza mkitaka, halafu mnishauri. Nimwandikie nini huyu mtu kabla hajaenda?