Bizari ya Mama Mkwe

Kule kwenye kazi yake ya udobi walimwita Mama Pasi, maana pasi haikumtoka mkononi tangu asubuhi mpaka saa kumi. Siku hiyo alirudi miguu imevimba, na kabla hajavua viatu akachungulia chumbani. Uji wa asubuhi ulikuwa pale pale juu ya stuli, umeshika utando.

Hii ilikuwa siku ya nne mama mkwe wake hajatia kitu tumboni zaidi ya maji. Homa ilikwisha, ikaondoka na hamu ya kula. Daktari alishasema: asipokula hadi kesho, alazwe. Na bibi mwenyewe aliapa kwamba akilazwa safari hii, hatarudi kwa miguu yake.

"Nipikie dengu," akasema bila kugeuza kichwa. "Utie bizari."

Mama Pasi nusura alie kwa furaha. Akapika, akatia bizari kijiko kizima. Bibi akaonja kwa ncha ya ulimi, akasukuma bakuli.

"Nimesema bizari."

"Hii ndiyo bizari, Mama."

"Hiyo manjano! Bizari ni zile punje nyembamba, zenye mistari. Miaka kumi na sita hujui?"

Angejuaje? Miaka yote hiyo jiko lilikuwa la bibi, na vikopo vyake havikuandikwa kitu. Kwao Mama Pasi, bizari ni huo unga wa njano. Akafunua vikopo kimoja kimoja. Cha punje nyembamba kilibaki na vumbi. Dukani nako hazikuwapo, labda Jumatatu.

Fundi cherehani wa nyumba ya pili alimwona akirudi mikono mitupu, akamdadisi mpaka akaelezwa habari ya bizari.

"Giligilani kavu unazo?"

"Ninazo. Lakini si bizari."

"Shoga, ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Zikaange bila mafuta mpaka zinukie, uzitwange, utie na pilipili manga kidogo. Na usimwambie!"

"Yule? Ananusa uongo kabla haujaiva."

Giligilani zilikuwa kiganja kimoja tu. Akazisimamia kikaangoni kama mlinzi, akipumzisha mguu huu, kisha huu, asithubutu hata kufuta jasho zisije zikaungua.

Akazitwanga, akapika dengu nyingine, akazitia. Bibi akaonja. "Hii si bizari."

Mama Pasi akaketi ukingoni mwa kitanda. Nguvu za kubisha hakuwa nazo. "Si bizari, Mama. Ni giligilani. Bizari imekwisha."

Kijiko kikarudi bakulini, kikapanda tena. Mama Pasi akakifuata kwa macho: cha tatu, cha tano, cha saba.

"Hata mimi nilikuwa nafanya hivi hivi kikopo kikiisha," bibi akasema, mdomo umejaa. "Baba mkwe wako amekufa hajui."

Akakwangua bakuli. "Na zile za njano, nani atazila?"

Hapo ndipo Mama Pasi alipokumbuka kwamba tangu asubuhi naye hajala. Akaenda jikoni, akazila zimepoa, amesimama.