Kijito Kilichofagiliwa

Kiangazi kile kazi yangu ilikuwa kusoma rula mbili za kupimia maji ya kijito. Moja ilisimama ndani ya msitu wa mlimani, juu kutoka Nyeri. Ya pili chini ya daraja la mbao, baada ya mashamba. Katikati, wakulima walikuwa wameingiza mipira yao kijitoni, kila mmoja na wake, ya kumwagilia kabichi na kunywesha ng'ombe.

Hesabu yenyewe haihitaji digrii: toa maji ya chini kwenye maji ya juu, ujue mashamba yamekunywa kiasi gani. Ofisi iliyonituma ilitaka kujua kama kiangazi kinabakiza kitu darajani. Yakibaki mengi, mji wa chini ungewekewa bomba pale, na wenye mipira wangelazimika kuacha maji yapite. Yakibaki kidogo, wangeachiwa kijito chao. Niliwaeleza hayo kanisani baada ya ibada, wakaitikia kwa vichwa, nami nikadhani nimeeleweka.

Asubuhi ya kipimo cha mwisho nilisoma rula ya msituni vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi ya mlimani, kisha nikateremka darajani. Maji yalikuwa yaleyale. Nilikwangua matope kwenye rula, nikasoma tena. Kijito kilikuwa kimepita mashamba yote, jua kali hivyo, bila kupungua. Nilikasirika, nikidhani kuna mtu amechezea vifaa vyangu.

Nikapanda tena kupitia mashambani. Kabichi zilikuwa zimelegea, na mipira ilikuwa mikavu. Mwenyekiti wa kamati ya maji, bibi kizee niliyemwita shosho, aliyenipa uji kila nilipokuja, alikuwa mlangoni amejifunga kitambaa cha Jumapili.

"Shosho, mipira imefanya nini?"

"Tulifunga yote jana. Si ulisema ati leo ndio unapima ya mwisho?"

"Na kabichi?"

"Itavumilia. Mgeni akikuja kwako, si unafagia kwanza? Tumekufagilia mto. Ona vile maji iko mingi."

Nilimpenda, na papo hapo nikatamani kumtikisa. Mimi ni wa Mukurweini, ambako mgeni huandaliwa chai kabla hajaulizwa shida yake; ningepaswa kuliona hili mapema. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuwa wanajipalia makaa kwa ajili ya heshima.

Nilimweleza upya, polepole, kwamba maji haya mengi ndiyo yatakayowafanya wanyang'anywe. Kisha akatoa simu mfukoni, akapigia nyumba moja baada ya nyingine: "Fungulia maji. Ndio, saa hii. Nitakuambia baadaye."

Tulishuka darajani pamoja, tukakaa kwenye mawe. Kufikia mchana maji yalikuwa yameshuka mpaka miamba ikatoka nje, na pembeni likabaki tope lenye chupa kuukuu za plastiki. Nilifurahi, kusema kweli. Hicho ndicho kipimo nilichokijia. Shosho hakufurahi. Alisimama kati yangu na kijito, kama mtu aliyeingiliwa na wageni vyombo vya jana havijaoshwa.

"Lazima uandike hiyo?"

"Hiyo ndiyo itakayowaachia maji, shosho."

Aliinama akaitazama rula mwenyewe, ingawa hakujua kuisoma.

"Basi andika," akasema. "Lakini usiwaambie huko ofisini ni kwetu."