Damu Yenye Jina la Marehemu

Burulkan alijitoa damu mwenyewe asubuhi na mapema, kabla hajanywa chai, maana chakula hukiharibu kipimo cha mifupa. Kwenye kichupa akaandika jina la marehemu mama yake, Sayra. Katika hospitali ile ya mji wa Osh majibu mabaya hapewi mgonjwa. Huitwa mwanawe au kaka yake, akanong'onezewa koridoni, na mgonjwa akadanganywa hadi kaburini. Kwa miaka thelathini mnong'onaji alikuwa Burulkan, mpimaji wa maabara.

"Mwambie ni baridi yabisi," aliwafundisha wana wa watu. "Na unawe uso kwanza, asije akaona machozi."

Miaka mitano nyuma alikatwa titi, akapona, akarudi maabara. Sasa mgongo ulikuwa haumpi usingizi, naye alitaka kitu kimoja tu: kuambiwa kweli.

Mashine ilipomaliza, Zuura, mwenzake wa meza ya pili, aliisoma karatasi.

"Dada, huyu Bi Sayra mifupa yake inamomonyoka, mabaki yamejaa kwenye damu! Mara tatu ya kawaida. Amewahi kuugua saratani?"

"Ya titi."

"Ehee. Damu peke yake si ushahidi, lakini daktari atataka picha ya mifupa leo leo. Ana mtoto?"

"Mmoja. Dereva wa lori, mbishi kama punda."

"Basi tumwite huyo. Mama mtu asijue."

"Mwite," alisema Burulkan, akamwandikia namba. Zuura aliitambua. Ilikuwa ya Taalay, mwana wa Burulkan, aliyewaletea sambusa za tanuri kila Ijumaa. Alikaa chini, akainua simu.

Burulkan alipigwa picha adhuhuri. Taalay akaitwa ndani kwa daktari peke yake. Burulkan alingoja kwenye benchi lile lile alilowaketisha wengine, akiomba moyoni: sema, mwanangu, sema tu.

Taalay alipotoka alikwenda kwanza bombani, mwisho wa korido. Kisha akaja, nywele za kipajini zikidondosha maji.

"Mama, umenitisha bure! Baridi yabisi tu. Si nilikwambia maabara yenu ni jokofu?"

Burulkan aliitazama kola yake iliyolowa. Alipokuwa mdogo, mtoto huyu alifanyia kazi zake za shule kwenye korido hii hii, akisikia kila kitu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nipeleke nyumbani basi. Sijala tangu jana."

Alimkabidhi Zuura koti jeupe na funguo za kabati, akashuka ngazi ameshikwa mkono. Lori likaunguruma, likaondoka. Zuura alikwenda kulifunga bomba, ambalo Taalay alikuwa ameliacha likitiririka.